Maiti Mwenye Maoni

Aling Puring alianza kuwa na maoni kabla mtaa wetu haujapata televisheni. Alipokuwa msichana, kwenye igizo la alfajiri ya Pasaka, malaika mdogo alikuwa anashushwa kwa kamba mbele ya kanisa ili amvue Bikira Maria shela jeusi. Watu wote wa mji wetu wa Nagcarlan walikuwa kimya wanasali. Yeye akasema kwa sauti, "Huyu si malaika. Angalieni magoti yake. Malaika gani ana makovu ya kupanda miti?" Malaika akaangua kilio huko huko juu, ananing'inia. Malaika huyo alikuwa mama yangu mzazi, ndiyo maana kisa hiki nakijua vizuri, na nyumbani kwetu hakijasamehewa mpaka leo.

Nalisema hili mapema ili msije mkadhani nawaletea habari za mtakatifu. Mimi ni Charito, nakaa ng'ambo ya kichochoro, mkabala na duka lake, na akipiga chafya naisikia. Aling ni neno letu la heshima kwa mwanamke mtu mzima. Jina lake kamili ni Purificacion Dimaandal, mjane, muuza sabuni, sukari, samaki wa kopo na sigara za moja moja. Televisheni yake ameiweka juu ya friji ya soda, imegeuziwa dirisha la nondo, na kila jioni majirani tunakaa kwenye mabenchi ya nje na kutazama ndani. Si kwamba hatuna televisheni. Tunazo, tena kubwa kuliko yake. Lakini tamthilia bila Aling Puring anayeisuta haina ladha.

Elimu yake yote iko kwenye masikio.

"Msidanganywe na sura," hutuambia. "Sura inapakwa poda. Sikio halijui kuigiza."

Kwake yeye, mama na mtoto wa kwenye tamthilia lazima wawe na masikio ya ukoo mmoja, la sivyo mwongozaji amewadharau watazamaji. Steringi mwenye masikio yaliyolala hawezi kumwokoa mtu, atachelewa tu. Adui mwenye ndewe nene mwishowe atatubu. Mwaka mmoja alituapia kwamba padri ndiye muuaji, kwa kuwa sikio lake la kushoto lilikuwa juu kuliko la kulia. Padri hakuwa muuaji. Padri alikufa akimkinga mtoto na risasi. Aling Puring alitazama mazishi yake yote bila kupepesa, halafu akasema waandishi wamekosea.

Tamthilia yenyewe ni Shamba la Don Hilarion, inahusu familia ya matajiri wa mananasi. Ilianza nikiwa na mimba ya binti yangu, na sasa binti huyo ananijibu. Humo ndani hakuna anayekufa akatulia kaburini. Mama mkuu wa ukoo, Doña Amparo, ameshakufa mara mbili. Mara ya kwanza alizama, mara ya pili kumbe alikuwa pacha wake.

Sasa jambo lililowagombanisha Aling Puring na mdogo wake linatoka humo humo. Kwetu waigizaji hupendwa wawili wawili. Kijana na binti wakishapendezana mara moja kwenye skrini, basi wameoana mbele ya taifa zima, hata kama kila mmoja ana mtu wake nyumbani. Kuwatenganisha ni uzinzi. Steringi wetu Drei Montesclaros alikuwa na Ysabelle Quintos, na tulizoea hivyo. Ysabelle akapata mimba, tena si ya Drei, ikabidi apumzike. Waandishi wakamtosa bondeni pamoja na lori la mananasi, akaungua uso, akafanyiwa upasuaji, na siku ya kufunguliwa bandeji akatokea mwigizaji mwingine, Kaye Almirante.

Aling Puring alisimama. Akafunga duka, nasi tukiwa bado kwenye mabenchi.

"Uso wamemtengeneza, sawa!" alipiga kelele nyuma ya mlango. "Na masikio je? Masikio nayo yaliungua yakaota mengine?"

Mdogo wake, Visitacion, sote tunamwita Bising. Anakaa Liliw na kushona makubazi, kama nusu ya watu wa Liliw. Bising alimpenda Kaye Almirante. Alisema analia vizuri. Wakabishana kwa simu, wakabishana kwenye arobaini ya shangazi yao, wakabishana mbele ya daktari wa meno mpaka daktari akawaomba mmoja afunge mdomo na mwingine aufungue. Tulikuwa tunacheka. Halafu Bising akapata mjukuu wa kike, akamwomba dada yake awe mama wa ubatizo. Aling Puring akashona gauni jipya. Alisimama pale kwenye maji na mshumaa mkononi, padri akauliza jina la mtoto, mama yake akasema, "Kaye." Aling Puring alinikabidhi mshumaa.

"Simshiki mtoto kwa jina la mwizi wa waume," akasema, na akatoka kanisani.

Kwetu mtu hakatai ubatizo. Wanasema ukimkataa mtoto majini unamwachia balaa njiani. Bising alimtazama mgongo mpaka akavuka mlango. Tangu siku hiyo hawakusemezana, mpaka mtoto akang'oka meno ya utoto. Nifupishe maneno: niliona aibu, na nilimkasirikia Aling Puring kuliko nilivyowahi kumkasirikia mume wangu.

Liliw siyo mbali. Ukianza kumenya kichala cha lansones, yale matunda yetu madogo matamu, hapa, unafika kule hujakimaliza. Lakini kila msimu wa lansones, mji wote ukiwa unanata utamu, Aling Puring alichagua zilizo bora, zenye ganda jembamba, akazijaza kikapu na kukiweka chini ya kaunta. Hakuna aliyekuja kukichukua. Ganda liligeuka jeusi, nzi wakaja.

"Za nani hizo, Aling Puring?" nilikuwa namuuliza.

"Za panya."

"Panya wa wapi? Wa Liliw?"

Alinirushia ganda. Lakini mtaa mzima ulijua alichokuwa anakitaka. Alitaka Bising aje. Siyo yeye aende, hapana, shingo yake haikuumbwa hivyo. Bising aje, asimame mbele yake, aseme neno lolote, hata tusi.

Msimu uliopita, kikapu kikiwa mahali pake, watu wa tamthilia wakaja Nagcarlan.

Mwigizaji wa Doña Amparo alikuwa amehamia kituo kingine cha televisheni, kwa hiyo ilibidi Doña Amparo afe mara ya tatu na safari hii abaki huko. Walitaka nyumba ya zamani ya mbao ya kuwekea msiba. Nyumba ya Aling Puring, nyuma ya duka, ina sakafu inayong'aa na madirisha ya magamba ya kome tangu enzi za babu yake. Msaidizi wa mwongozaji, binti aitwaye Trina, aliyekuwa hajalala tangu azaliwe kwa jinsi alivyoonekana, alikuja kuiomba.

"Chukueni," Aling Puring alisema. "Ila mnipe nafasi. Yenye maneno."

Wakampa nafasi ya jirani. Maneno yake yalikuwa haya: Masikini Doña Amparo, alikuwa mtu mwema. Mwongozaji, ambaye wote walimwita Direk, alikaa kwenye kiti chake cha kukunja akampa ishara aanze.

"Siwezi kusema hivyo," akasema Aling Puring.

"Kwa nini, Mama?"

"Hakuwa mwema. Si alimuuza mwanawe wakati wa mafuriko? Ulikuwepo wewe?"

"Mama, mimi ndiye niliyeongoza hiyo sehemu."

"Basi unajua."

Direk akashika kichwa. Wakati huo huo, kule sebuleni, bibi waliyemleta kutoka Manila kulala jenezani alikuwa anapiga chafya. Maua ya msiba yalikuwa yanamwasha pua. Walimpa dawa, akapiga chafya. Walimfunika kitambaa, kitambaa kikaruka. Direk akamtazama bibi yule, akamtazama Aling Puring, kisha akavuta kiti karibu na kusema kwa sauti ya asali, "Mama, kumbe nilikuwa nakupotezea muda na nafasi ndogo. Ninayo kubwa. Kila mtu kwenye chumba atakutazama wewe. Kamera itakuwa juu yako. Kaye Almirante mwenyewe atasema na wewe."

"Na mimi nitamjibu?"

"Kwa uso tu. Ni nafasi ngumu sana."

Akakubali kabla hajauliza. Alipopelekwa sebuleni akaliona jeneza liko wazi.

"La nani hilo?"

"Lako, Mama," alisema Trina.

Nilidhani atajitoa na nyumba yake awanyime. Kwanza akatoa hoja. Masikio yake si ya Doña Amparo, watazamaji si wajinga, watajua. Mtu aliyemchagua yeye kuwa maiti huyu hajui kazi yake. Direk akasema masikio yatafunikwa kwa maua. Basi akanivuta pembeni, karibu na friji.

"Charito. Bising anaitazama kila jioni?"

"Si unajua. Hakosi."

"Basi ataniona."

"Atakuona umekufa, Aling Puring."

Akakung'uta gauni lake, ambalo halikuwa na vumbi. "Labda itamuuma kidogo," akasema.

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Akapanda jenezani mwenyewe, akakataa mkono wa mtu.

Madirisha yakafunikwa vitambaa vyeusi, mchana ukawa usiku. Majirani tukawekwa kuwa waombolezaji, tukapewa kahawa na biskuti, na pembeni meza ya karata kama msiba wowote wa kwetu. Mang Teroy kinyozi hakuambiwa kwamba karata ni za kuigiza, au aliambiwa akasahau, maana alikuwa anacheza kufa na kupona. Kwa kuwa Doña Amparo alikuwa ameuawa kwa sumu, wakaweka na kifaranga juu ya jeneza, kidonoe mpaka dhamiri ya muuaji ishtuke. Kioo kinachofunika jeneza wakakiacha wazi kidogo upande wa kichwa ili maiti apumue. Hapo ndipo walipokosea.

Kaye Almirante akaingia, kwa nguo nyeusi, mdogo kuliko tulivyomdhania. Akainama juu ya jeneza, akaanza kulia. Lilikuwa jambo la kuvutia kweli. Chozi likashuka mpaka kidevuni.

"Wee! Lisidondoke kwenye kioo!" maiti akasema.

Direk akaruka. "Kata! Nani kasema?"

"Chozi likiangukia kioo, marehemu anashindwa kuondoka," Aling Puring akamweleza kutoka mle ndani. "Anabaki anawatazama waliomlilia. Kila mtu anajua. Binti, sogeza kidevu."

"Samahani, Mama," Kaye akasema, akasogeza kidevu.

"Maiti haongei!" Direk akasema.

"Basi maiti afundishwe na nani?"

Mara ya pili alisema kahawa tunayokunywa haina moshi, watazamaji wataona ni ya baridi. Mara ya tatu alifungua jicho kumwambia Mang Teroy kwamba karata aliyoficha chini ya paja inaonekana. Direk akaenda nje, akakaa juu ya kreti ya soda na kuwasha sigara upande usio wa moto. Aliporudi alipiga magoti kando ya jeneza, akamwomba Aling Puring kwa jina la mama yake mzazi anyamaze kwa mara moja tu. Aling Puring akaahidi. Akaapa kwa Bikira wa Pasaka, na hicho kwake ni kiapo kizito.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinatokea nje sisi tukiwa ndani. Kwetu mtu akifa, bango la picha yake hutundikwa kwenye njia ya kuingilia, wapita njia wajue. Picha ya yule mwigizaji aliyehama walikuwa hawaruhusiwi kuitumia. Watu wa mapambo wakachukua picha ya Aling Puring ukutani, ile aliyopiga siku ya sikukuu akiwa na shanga, wakaikuza ikawa kubwa kama mlango, wakaandika chini, Doña Amparo, Pumzika kwa Amani. Wakaitundika barabarani. Nani anayesoma maandishi ya bango la msiba? Watu wanaangalia uso. Mchuuzi wa makubazi kutoka Liliw alipita asubuhi, akauona uso, akapiga ishara ya msalaba na kurudi zake kwao.

Tukaanza tena. Kimya. Kaye akainama, chozi likashuka, akalisogeza vizuri kama alivyofundishwa. Mlango ukafunguliwa. Trina alidhani ni mmoja wa waombolezaji aliyechelewa, akampisha. Nikainua macho, nikamwona Bising.

Alikuwa na vumbi la ngozi mikononi, ametoka kazini bila kunawa. Mguuni alikuwa na kubazi moja tu. La pili alilishika mkononi, sijui lilimkatikia wapi. Nyuma yake alimvuta mjukuu. Taa hakuziona, wala kamera. Mwenye msiba haoni vitu hivyo. Nikanyanyuka kumwahi, na mkono wa Trina ukanishika sketi kunizuia. Direk alikuwa ameinua kidole, mtu asisogee. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokota dhahabu jikoni.

Bising akamsukuma Kaye Almirante pembeni bila kumtazama.

"Ate," akasema, kama alivyokuwa anamwita dada yake mkubwa tangu utotoni. "Ate, we' mkaidi, ndo' nini sasa hiki?"

Maiti akanyamaza. Alikuwa ameapa.

"Hata kuumwa hukuniambia. Nasikia kwa mchuuzi! Mchuuzi, Ate! Anapima soli huku ananiambia dada'ko kafa." Akapangusa pua kwa mkono wenye vumbi. "Nilikuwa nakuja. Nilikuwa nakuja Krismasi ile, nikafika mpaka kwenye daraja, nikarudi. Nikasema aanze yeye, yeye ndiye mkubwa. Nikaja tena sikukuu ya mji, nikala tambi kwa watu nikaondoka. Nimekuona kwa mbali unamgombeza mtu wa barafu."

Mang Teroy aliweka karata zake mezani, wazi, zote. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

"Nimekuletea mtoto. Mwangalie." Bising akambeba mjukuu, akamsogeza juu ya kioo, akazifumua nywele zake pembeni. "Angalia masikio haya. Ya nani haya? Mama yake hana, baba yake hana. Yako! Umemkataa majini naye kakuibia masikio. Kila siku namsuka nayaona, namsuka nayaona. Nimewahi kulala kwa amani mie?"

Akalia sasa, hakuna kidevu cha kusogeza wala nini. Machozi yalidondoka kwenye kioo, pa, pa, pa, tukayasikia. Kifaranga kikashtuka. Nilimtazama Aling Puring pale kwenye maua. Kope zilikuwa zinatetemeka, na donge la koo linapanda na kushuka, na nikasema moyoni, sema, mwanamke, kiapo gani hicho, sema!

"Nakusamehe, Ate," Bising akasema. "La ubatizo nimekusamehe. La gauni langu ulilochoma na pasi nimekusamehe. Yote. Moja tu ndo' siwezi. Umekufa hujakubali kwamba Kaye alilia vizuri siku ile aliporudi bondeni."

"Alilia kwa jicho moja!" maiti akasema.

Chumba kililipuka. Bibi wa Manila, yule wa chafya, alikuwa wa kwanza kufika barabarani. Benchi likapinduka, kahawa ikamwagika, waombolezaji wengine wakapanda kwenye mashine ya kushonea. Walijua fika kwamba Aling Puring ni mzima, walikuwa wamekunywa naye soda asubuhi, lakini mtu akisikia jeneza linabisha, miguu haiulizi. Mang Teroy alikimbia akarudi kuchukua karata zake akakimbia tena.

Bising hakukimbia.

"Macho mawili!" akajibu, ameinama juu ya kioo. "Macho mawili Ate, niliyaona kwa macho yangu!"

"Moja! La kushoto kavu kama jiwe!"

"Sasa wewe unatazama macho au masikio? Chagua!"

"Mi' nakwambia moja, we' Bising, tangu lini ukaona vizuri, nyuzi tu mpaka utungiwe na—"

Bising akazinduka. Akaangalia jeneza. Akaangalia kidole cha dada yake kilichotoka kwenye upenyo wa kioo kikimsuta. Ndipo akaziona taa, na kamera, na Direk aliyeuma kofia yake. Akamshusha mjukuu taratibu. Akafungua kioo chote, akainua lile kubazi lililokuwa mkononi, na kumchapa dada yake begani, mara nyingi, maua yanaruka.

"Unanichezea! Unanichezea na kifo!"

"Sikujua unakuja! Bising! Aa! Nimeapa nisiongee! Soli hiyo ngumu!"

Halafu akawa amelala juu yake, nusu nje nusu jenezani, wanalia wote wawili kwa sauti mbaya sana, ambayo mwigizaji yeyote angefukuzwa kazi nayo.

Kaye Almirante alikuwa amebanwa kwenye kona na shada la maua. Akakohoa. "Samahani," akasema. "Lilikuwa jicho moja kweli. La kushoto lilikuwa na chokea. Daktari alinikataza kulilia."

Wakamgeukia wote wawili, nyuso zimelowa.

"Si nilisema," akasema Aling Puring.

"Na akaja kazini na chokea lake!" akasema Bising. "Mgonjwa, na bado alilia kukushinda wewe!"

Aling Puring akafikiri. Aling Puring kufikiri ni jambo linaloonekana. "Masikio yako mabaya," akamwambia yule binti mwishowe. "Lakini kulia unajua."

Direk alipotangaza kwamba kazi imekwisha, tukaanza kuondoka, na hakuna aliyeelekea nyumbani kwake. Kwetu ukitoka kwenye msiba huendi moja kwa moja kwako, lazima upite mahali pengine kwanza umpoteze marehemu, asikufuate mpaka kitandani. Msiba wa kuigiza, lakini nani ajaribu bahati? Watu wa Manila wakaenda kwenye tambi, sisi tukasimama penye duka la mikate.

Aling Puring alibaki mlangoni pake, poda ya maiti bado usoni.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi nakaa hapa hapa. Na marehemu ndiye mimi. Nampoteza wapi?"

Tulishangaa. Kwa kweli hakuna aliyewahi kufikishwa kwenye swali hilo. Mang Teroy akasema labda azunguke nyumba. Mwingine akasema abadilishe jina. Bising alikuwa anafunga kubazi lake kwa uzi, akasema bila kuinua kichwa, "Pita kwangu. Kwangu si kwako. Umehakikisha hilo siku nyingi."

Aling Puring akaingia dukani. Nilidhani ameudhika. Akatoka na kikapu cha lansones. Safari hii ganda lilikuwa bado la njano. Akakisukuma mikononi mwa mtoto, akainama, akamgeuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, anakagua. Mtoto akamtazama.

"We' ni mzimu?" mtoto akauliza.

"Bado," akasema. "Twende."

Alikwenda kumpoteza marehemu Liliw na akakaa huko mpaka sabuni ikaadimika mtaani.

Sehemu ile ilipoonyeshwa tulijaa kwenye mabenchi mpaka barabarani. Bising alikuja na mtoto, wakakaa ndani ya duka, upande wa heshima, karibu na friji. Direk alikuwa amemkata maiti kabla hajafungua mdomo, lakini Bising hakumkata, akamfanya shangazi wa siri wa Doña Amparo. Tulimwona mkubwa kwenye skrini na vumbi lake la ngozi. Hakuna aliyeongea isipokuwa Aling Puring.

"Yule shangazi ametoka wapi? Hajawahi kutajwa. Na yule maiti, mmewahi kuona maiti ana shingo inayomeza mate? Nafasi kapewa asiyefaa. Ningekuwa mimi..."

Kwenye skrini, kamera ikasogea karibu. Chozi likaning'inia, likadondoka juu ya kioo, likasambaa. La pili likafuata.

"Bising!" akapiga kelele. "Umedondosha kwenye kioo! Mtu mzima mzima! Hujui kwamba ukidondosha marehemu hawezi kuondoka?"

Bising alikuwa anammenyea mtoto lansones. Akatoa mbegu chungu, akaweka tunda kwenye kiganja cha mtoto.

"Najua," akasema. "Nilidondosha makusudi."

Tulisubiri. Tamthilia ikaisha, tangazo la sabuni likaja, likapita. Aling Puring alikuwa ameshika nondo za dirisha anatazama nje, kwetu, wala hatuoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na maoni.